Fundi alikula pesa ya mkanda

Mwenzetu hapa ofisini alinunua Subaru WRX ya 2006. Gari la mkono wa pili, lakini kila kijana pale steji alikuwa anageuka kuliangalia. Fundi aliyependekezwa kwake akaangalia kilomita, akasema mkanda wa taiming umefika mwisho. Hapo hakukosea. Injini hizi za EJ20 hubadilishwa mkanda kwenye kilomita 100,000 hivi, na ukikatika, pistoni zinagonga valvu. Injini kwisha.

Basi akatuma Sh31,000 kwa simu ya fundi, zote mara moja, spea na kazi pamoja. Jioni gari likarudi limeoshwa, linang'aa.

Wiki tatu baadaye, mlio wa kugongagonga ukaanza kule mbele. Fundi wa pili akafungua kava. Bolti tatu hazikuwepo, na mahali pa moja palifungwa kwa waya. Mkanda ulikuwa ule ule wa zamani, una nyufa, umepanguswa tu. Tensheni inavuja oili. Na sampu imepakwa silikoni kama siagi kwenye mkate. (Hiyo si sura mbaya tu, bana. Vipande vya ndani hubanduka vikaziba chujio la oili, na injini ya turbo haivumilii kiu.)

Alitaka turudishe pesa. Lazima tuseme ukweli: kurudisha muamala ni kwa pesa zilizoenda nambari isiyo sahihi. Ukimlipa mtu uliyekusudia, kazi ikawa mbovu, hilo ni dai kati yenu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na ujumbe wa malipo unaweza kuwa ushahidi. Shida ni kwamba ujumbe wake ulikuwa na jina na kiasi tu. Haukutaja mkanda.

Safari hii alienda mwenyewe Kirinyaga Road, akalipia spea kwa till ya duka, akasoma jina la duka kabla ya kuweka PIN, akachukua risiti yenye nambari ya kifaa. Fundi alipata nusu ya pesa ya kazi asubuhi, na nusu nyingine baada ya kumkabidhi mkanda uliotolewa. Anao mpaka leo kwenye buti.

Yule fundi wa kwanza? Amerudisha Sh8,000. Zingine anasema mwisho wa mwezi.