Bwana Msa Aliinusuru Ndoa Yangu

Nianze kwa kukiri. Mwaka juzi, kwa wiki tatu nzima, nilimpeleleza mume wangu mwenyewe. Na wala sikupekua simu yake. Nilipeleleza mashati.

Lakini ngoja kwanza nikueleze mapenzi yangu na riwaya za upelelezi, maana bila hizo hutanielewa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Endabash, wilayani Karatu. Baba Junior ni dereva wa watalii: siku nne yuko Ngorongoro na Serengeti, siku mbili nyumbani. Kilichotukutanisha ni kitabu. Nilikuwa kwenye Noah ya kwenda Karatu mjini, nimebanwa dirishani, nasoma riwaya iliyochakaa mpaka jalada limetoka. Kaka mmoja pembeni akachungulia, akauliza, “Mwalimu, muuaji ni nani?” Nikamjibu, “Ukinitajia, nashuka.” Akacheka. Mengine unayajua.

Timu Willy, timu Msa

Nyumbani kwetu kuna timu mbili. Baba Junior ni timu Willy Gamba, damu damu. Elvis Musiba alituletea jasusi huyo katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, enzi ambazo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika na makaburu wa Afrika Kusini ndio walikuwa adui namba moja. Bastola, ndege, hoteli kubwa, warembo. Ukiianza usiku na sufuria iko jikoni, ujue mboga imeungua.

Utamu upo, sikatai. Ila nina ugomvi na Willy. Mambo yake yanakwenda mbio mno, hakupi nafasi ya kufikiri. Halafu wanawake! Mrembo akitokea ukurasa huu, ama ni mtego ama ni zawadi. Sisi tunaosahihisha madaftari mpaka saa tano usiku hatumo kabisa. Angalau Joram Kiango, yule wa marehemu Ben Mtobwa, ana Nuru wake, wanaingia hatarini pamoja.

Mimi ni timu Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, watu wanatetemeka, kila mmoja ana la kusema kuhusu mizimu. Bwana Msa yeye anavuta kiko chake na kuuliza maswali.

Wapo wanaosema huyu ni Sherlock Holmes wa Unguja tu, na rafiki yake Najum ndiye Dk. Watson. Sawa, wamefanana. Lakini kwa Bwana Msa siri mara nyingi haiko kwenye jivu la sigara. Iko kwenye ukoo: nani kazaa na nani, nani kaficha jina lake, nani anasubiri urithi. Hiyo ni siri ya kwetu, hata huku Endabash inaeleweka.

Kipimo changu cha riwaya nzuri ni kimoja. Mwandishi asinifiche kitu. Aniwekee kila kitu mezani, halafu mimi mwenyewe nitazame pembeni. Muuaji akiibuka kurasa tano za mwisho, mtu ambaye hatujawahi kumsikia, huo ni wizi. Nirudishiwe hela yangu!

Shati la vitunguu

Sasa turudi kwenye mashati. Mwezi wa sita, masika yamekwisha, watalii wameanza kurudi, Baba Junior akaondoka Jumatatu na begi lake kama kawaida. Akarudi Ijumaa. Kufua, nasikia harufu ya vitunguu. Siyo kidogo, kama mtu aliyelala jikoni. Wiki ya pili, tena. Viatu navyo vina vumbi jeupe jeupe, wakati barabara yetu vumbi lake ni jekundu. Na hela ya matumizi imepungua nusu.

Msomaji mpenzi, wewe ungesema nini? Mimi nilisema nyumba ndogo. Kuna mwanamke mahali anamkaangia mume wangu! Nilishampa mpaka umbo na rangi ya kanga. Wiki ya tatu nikapanga ki-Willy Gamba: nitakodi bodaboda, nimfuate, nivunje mlango.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikavuta Mzimu wa Watu wa Kale, nikaanza upya. Nikafika mahali Najum anarukia kumshuku mtu, nikamcheka. Halafu nikanyamaza. Najum huyo ni mimi! Nimeona kila kitu, sijaelewa kitu. Harufu niliyokuwa nayo ilikuwa ya vitunguu vibichi, siyo vya kukaanga. Vitunguu vingi kiasi hicho wilaya hii vinalimwa wapi? Mang'ola, kule bondeni kwenye Ziwa Eyasi.

Asubuhi nikamwekea chai. Sikupiga kelele. Nikauliza, “Baba Junior, Mang'ola unafanya nini?”

Aliweka kikombe chini, akakaa kimya muda mrefu. Kumbe baada ya masika kazini hawakumwita tena. Akaona aibu kuniambia. Kila Jumatatu alikuwa anabeba begi la safari na kwenda kupakia magunia ya vitunguu kwenye malori, analala huko huko, ili hela ya matumizi isikatike. “Ningekwambiaje, Mama Junior? Wewe unawaambia watu mumeo anaendesha wazungu.”

Hapo ndipo niliposikia uchungu. Maana ni kweli, nilikuwa nasema hivyo.

Nilicholia siku ile

Sikulia kwa sababu ya kazi. Nililia kwa kufikiria ule mlango niliotaka kuuvunja. Ningemkuta mume wangu mgongo umechubuka, na mimi nimekuja na matusi. Ndoa gani ingesimama baada ya hapo?

Sasa hivi anaendesha gari la mtu mwingine, na mshahara tunapanga wote wawili. Bado tunabishana kuhusu vitabu. Yeye anasema Bwana Msa anaongea mno, mimi nasema Willy angepungukiwa risasi angekumbuka kuuliza.

Kwa wewe mwenye mwenza na wasiwasi moyoni, sisemi nyumba ndogo hazipo. Zipo, na wengine ushahidi wao ni wa kweli. Nasema harufu peke yake siyo hukumu. Hata Abdulla, mwaka 1984, alikipa kitabu kimoja jina la Kosa la Bwana Msa. Kama bingwa mwenyewe anaweza kuwa na kosa, sembuse mimi na kapu langu la nguo chafu?