Goti likirudi mahali pake, kazi bado

Katika kuzungukia vikundi vya Migori na Homa Bay tumekutana na hadithi moja ya goti mara nyingi. Msichana anacheza mpira uwanjani, anageuka ghafla, mguu umekanyaga chini imara na mwili unazunguka peke yake. Anaanguka akilia. Watu wakiangalia wanaona nundu imesimama kando ya goti, upande wa nje. Mmoja anamnyoosha mguu, ile nundu inarudi katikati, na wote wanasema asante Mungu. Baada ya wiki mbili anatumwa tena kuteka maji. Mwezi wa tatu goti linatoka tena, safari hii kwenye mteremko wa kisima tu, bila mpira wala mbio.

Hapo ndipo akina mama hutuuliza: lilirudi vizuri, mbona sasa linatoka bure? Jibu ni kwamba kilichorudi ni mfupa. Vitu vilivyoumia ndani bado vimeumia.

Hebu tuangalie ndani ya goti. Ule mfupa mdogo wa mviringo mnaoushika mbele ya goti huitwa pia ya goti. Haukufungwa kwa msumari. Unateleza juu na chini ndani ya mfereji ulio mwisho wa mfupa wa paja, kila mnapokunja na kunyoosha mguu. Upande wa ndani, yaani ule unaotazamana na mguu wa pili, kuna kano, kamba ngumu nyeupe inayoizuia isikimbilie nje. Na mahali mifupa inapogusana pamefunikwa na gegedu. Gegedu mnalijua, ni ile sehemu nyeupe, laini, inayong'aa kwenye kichwa cha mfupa wa kuku au mbuzi mkiula. Kazi yake ni kufanya mifupa iteleze bila kusagana.

Sasa pia ya goti ikiruka nje, ile kano ya ndani karibu kila mara hupasuka au kuvutika kupita kiasi. Ni kama mtumbwi uliofungwa kwa kamba moja. Ukivutwa na mawimbi mpaka kamba ikatike, kuurudisha ufukoni si sawa na kuufunga. Tena wakati pia inaporudi kwa nguvu, inagonga ukingo wa mfupa wa paja. Hapo gegedu huchubuka, au kipande chake hubanduka, pengine pamoja na kipande cha mfupa, kikabaki kinaelea ndani ya goti. Ubaya ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Ngozi ikikatwa, damu huleta vya kuiponya. Gegedu likibanduka halioti upya kama lilivyokuwa, na mtu anaweza kupata goti la kizee akiwa bado kijana.

Siku ya kwanza ndiyo yenye kazi nyingi. Ikiwa pia bado iko nje, msiisukume na msimvute mtu mguu. Mketisheni, mtegemezeni mgongo, mguu uwekwe vile unavyomuuma kidogo, mfungieni kitu cha kuuzuia usitikisike, mkampeleke hospitali. Wakati mwingine akinyoosha mguu mwenyewe polepole pia hurudi peke yake. Ikirudi hivyo ni sawa, lakini safari ya hospitali bado iko palepale. Akipelekwa kwa pikipiki na mguu unaning'inia, mnaongeza shida. Heri gari, hata kama ni la kuchangisha.

Kwa uvimbe tumieni kitu baridi. Walio karibu na ziwa, kule Mbita, Sori au Muhuru, wanaweza kupata barafu ya wachuuzi wa samaki. Ifungeni kwenye kitambaa, msiweke juu ya ngozi tupu, dakika kama 20 halafu mtoe. Wa mbali na ziwa, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi kinasaidia. Na tafadhali, kukanda kwa maji moto siku hizo za kwanza kuachwe. Tunajua wakandaji wetu wana mikono mizuri na wamesaidia wengi wenye misuli iliyokaza, lakini ndani ya goti hili kuna damu inayovuja. Joto na kusugua huiongeza.

Goti likivimba kama boga katika saa chache, hiyo ni damu ndani ya kiungo, na ni dalili ya kwamba kitu kimepasuka au kimebanduka. Huyo asingoje wiki. Vilevile mtu ambaye goti linakwama, halikunjuki hadi mwisho, kama mlango wenye kokoto chini yake, huenda ana kile kipande kinachoelea.

Lakini kuna hatari nyingine inayofanana na hii na ni kubwa zaidi. Mtu akigongwa na pikipiki au akianguka shimoni kule machimbo ya Macalder, goti lote linaweza kutenguka, mfupa wa paja ukaachana na wa mguu wa chini. Hapo mshipa mkubwa wa damu nyuma ya goti unaweza kukatika. Gusa unyayo wake: ukiwa baridi, umepauka, au hausikii ukiguswa, ni mbio, usiku au mchana. Saa chache zinaweza kuamua kama mguu utabaki.

Hospitalini atapigwa picha ya eksirei. Picha hiyo huonyesha mifupa, gegedu na kano haionyeshi. Kwa hiyo mtu akiambiwa "picha ni safi", afurahi kwa mfupa lakini aulize kuhusu vingine: Je, kuna kipande kilichobanduka? Ninahitaji kipimo cha MRI? Nirudi lini? Kuuliza si kumkosea daktari adabu. Kipimo cha MRI ni ghali na huenda akatumwa mbali, basi aulize bei na mahali kabla ya kupanda matatu. Jambo la bima msilisahau, maana NHIF ilikwisha na SHA ikachukua nafasi yake tangu tarehe 1 Oktoba 2024. Asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka, na vikundi vingine vya akiba vimeona ni rahisi kukopeshana mchango huo kuliko kuchangisha baada ya ajali.

Wengi hawahitaji kupasuliwa mara ya kwanza. Hupewa kifaa cha kushikilia goti na magongo kwa wiki chache. Upasuaji ni kwa mwenye kipande kinachoelea, au yule ambaye pia yake hutoka tena na tena. Huyo hutengenezewa kano mpya, mara nyingi kwa kutumia ukano wa mguu wake mwenyewe. Katika vijana kumi waliotokwa na pia ya goti mara ya kwanza, takriban watatu hutokwa tena, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo hatari inavyozidi. Wengine walizaliwa na mfereji usio na kina au viungo vilivyolegea, na huenda katika ukoo. Si chira, wala hakuna aliyemroga.

Kosa la upande wa pili ni kumlaza miezi. Msuli wa paja hukonda haraka sana, na huo ndio unaoshikilia pia badala ya kano iliyoumia. Tabibu akiruhusu, aketi amenyoosha mguu, leso iliyokunjwa iwe chini ya goti, aikandamize kwa kukaza paja huku akihesabu hadi tano, alegeze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Baadaye ainue mguu ulionyooka. Hakuna pesa inayohitajika hapo, na ndiyo dawa inayoachwa upesi kuliko zote.

Nyumbani apunguziwe kuchuchumaa na kupiga magoti. Choo cha shimo ni shida kwake, basi kiti cha mbao chenye tundu, ambacho fundi wa kijiji anaweza kukiunda, kimsaidie kwa muda. Kanisani aketi wakati wengine wanapiga magoti. Mpira unaweza kungoja miezi mitatu au minne, na hata hapo asirudi kwa kuhesabu siku tu. Asimame kwa mguu ule peke yake, achuchumae kidogo, aruke bila kuogopa, na paja lake lilingane na la pili kwa nguvu. Anayeshindwa hapo aendelee na leso yake chini ya goti.