Kabla Baiskeli ya Babu Haijapigwa Sprei

Katika maboma mengi ya zamani wilayani Tarime na Serengeti, juu ya dari la ghala au nyuma ya zizi, hukosi kuona fremu nyeusi ya baiskeli isiyo na magurudumu. Siku mnunuzi wa chuma chakavu anapopita na mizani yake, inapimwa pamoja na jembe lililovunjika na sufuria iliyotoboka, na habari yake inaishia hapo.

Pikipiki ndiyo iliyozipeleka darini. Kabla bodaboda haijashika barabara, gunia la mahindi au mkungu wa ndizi ulipanda vilima vya Tarime juu ya karia ya Raleigh, Humber au BSA kutoka Uingereza, Avon au Hero kutoka Ludhiana nchini India, au Phoenix ya Shanghai. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Wakenya wanaziita baiskeli hizi nyeusi nzito “black mamba”. Na kulikuwa na Swala, baiskeli ya nyumbani iliyotoka kiwanda cha umma cha NABICO jijini Dar es Salaam.

Kuna watu duniani wanaogharamia vyuma vya namna hii kwa fedha nyingi, ila baadhi yao wanasaka baiskeli za watoto: BMX za mashindano. Mchezo huo ulizaliwa California mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana walipoiga mbio za pikipiki za vumbini wakitumia baiskeli ndogo kama Schwinn Sting-Ray ya mwaka 1963. Fremu zikawa zinavunjika, ndipo wakaja watengenezaji waliochomelea mabomba ya chuma kilichochanganywa kromu na molibdenamu. Mwaka 1982 Raleigh ikatoa Burner kule Uingereza, na mwaka huohuo filamu ya E.T. ikaionyesha dunia nzima baiskeli za Kuwahara za Japani. Kufikia 2008 BMX ilikuwa mchezo wa Olimpiki mjini Beijing. Waliokuwa watoto miaka ya 1980 sasa ni watu wazima wenye mishahara, wanatafuta baiskeli ileile waliyoililia utotoni. Haipatikani kirahisi. Kitu kilichorushwa mitaroni kila jioni hakifiki miaka 40 kikiwa kizima.

Wakusanyaji hao wana mwiko mmoja mkubwa: rangi ya kiwandani, hata ikiwa imechubuka, haifunikwi. Huku kwetu kuifunika ndilo kosa la kwanza kufanyika. Mtu akiamua kuifufua baiskeli ya babu yake, ananunua makopo mawili ya sprei, anapiga msasa, na jioni ana baiskeli inayong'aa isiyojulikana imetoka wapi.

Maana baiskeli ya zamani inasomwa. Sproketi ya mbele ya Raleigh hukatwa umbo la korongo, ndege huyohuyo aliye kwenye nembo ya shingoni. Ya Humber ina watu watano walioungana duara, na foki yake ina mabomba mawili kila upande, kitu ambacho hutakikosea hata gizani. BSA ilikuwa kampuni ya silaha ya Birmingham, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Spoki nazo zinasema: baiskeli ya Kiingereza huwa na 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo ukikuta 36 mbele na 36 nyuma, yawezekana kabisa magurudumu yalibadilishwa njiani.

Kazi yenyewe huanza na mafuta ya taa, kitambaa na subira ya siku mbili. Kutu iliyo juu ya kromu haihitaji msasa. Ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikiloweshwa maji na kusuguliwa taratibu, huiondoa bila kuacha mikwaruzo. Kiti cha ngozi cha Brooks kisimwagiwe oili chafu ya injini, maana ngozi italegea na kubonyea kama mfuko. Dawa yake ya kiwandani yenyewe ina mafuta ya ng'ombe ndani yake. Katika nchi ya wafugaji hilo si la kutafuta mbali: yayeyushwe, yapakwe kidogo tu, kisha kiti kikae kivulini.

Panapowashinda wengi ni kwenye kotapini, pini inayokaza krenki. Fundi mwenye haraka huifungua nati yote na kugonga. Ncha inapondeka, pini inanasa, na mwisho tindo inaletwa. Mwenye uzoefu huirudisha nati hadi ilingane na ncha ya pini ili uzi usipondeke, kisha chini ya krenki husimamisha kipande cha bomba kinachogusa ardhi ngumu. Bila bomba hilo, nguvu ya nyundo huishia kwenye gololi na vikombe vyake. Likiwepo, pigo moja zito la kunyooka huwa na faida kuliko mapigo ishirini ya woga.

Kikombe cha gololi cha upande wa mnyororo kina mtego wake. Hufunguka kwa kuzungushwa kulia, kinyume cha mazoea. Tena Raleigh ilichonga nyuzi 26 kwa inchi wakati wenzake Uingereza walichonga 24, kwa hiyo kikombe cha dukani huanza kuingia vizuri, kinakaza, fundi anaongeza nguvu, na uzi wa fremu unaliwa. Ndiyo sababu kikombe cha zamani kilichochakaa kidogo hakitupwi: husafishwa, kikajazwa grisi na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande.

Swala ndiyo inayotia huruma zaidi. Haina vitabu vya wakusanyaji wala duka la vipuri ng'ambo. Mara nyingi kitambulisho chake ni maandishi na nembo iliyobandikwa kwenye fremu, na hivyo ndivyo vitu ambavyo sprei huvifuta kwanza.

Baiskeli chache zilizokuja na habu ya gia tatu ya Sturmey-Archer zina zawadi ya pekee. Ukifuta uchafu kwenye bomba la habu utaona tarakimu: 63 na 7, kwa mfano, ni Julai 1963, japo habu yenyewe yaweza kuwa imetoka kwenye baiskeli nyingine. Kuna kitundu kidogo cha mafuta hapohapo. Kisiwekwe grisi, itanatisha vijino vya ndani; matone machache ya oili nyepesi, hata ya cherehani, yanatosha. Gurudumu linazungushwa kwa mkono, kimya mwanzoni, halafu oili inapopenya, vijino vinaachia na kuanza tena: tiki, tiki, tiki.