Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Anaponyamaza: Namna ya Kumsaidia Kumudu Kiingereza

Kila mwezi Januari, shule za sekondari za kata wilayani Nzega hupokea wanafunzi wa Kidato cha Kwanza. Wengi wao walikuwa wepesi wa kujibu maswali walipokuwa darasa la saba. Baada ya wiki chache huonekana badiliko. Yule aliyenyoosha mkono katika kila kipindi sasa huinamisha kichwa, hunakili yaliyo ubaoni bila kuuliza, na akiulizwa nyumbani amesoma nini, hujibu kwa mkato: "Tumesoma tu." Wapo wanaodhani kuwa mtoto huyo ameingiwa na uvivu au kwamba akili yake imefika mwisho. Mara nyingi si hivyo. Alichokosa ni lugha ya kusemea anayoyajua, na upungufu huo unaweza kusaidiwa, darasani na nyumbani.

Lugha ya tatu

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchini, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Katika sekondari mambo hugeuka: Biolojia, Hisabati, Jiografia na masomo mengine mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kujifunza Kiingereza ni jambo moja. Kujifunza masomo mengine kwa Kiingereza ni jambo jingine, tena gumu zaidi.

Zamani ugumu huo uliwakabili watoto wachache waliopata nafasi ya sekondari. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulisogeza shule karibu na wananchi, na kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi Kidato cha Nne. Mtoto wa mkulima wa Bukene, Puge au Ndala sasa anaweza kusoma sekondari katika kata yake. Hata hivyo, watoto wengi wa wilaya hii huanza maisha kwa Kinyamwezi au Kisukuma na kukikuza Kiswahili shuleni. Kwao Kiingereza ni lugha ya tatu.

Suala hili si geni kitaifa. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Clive Criper na Bill Dodd walibaini kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Mjadala wa lugha ya kufundishia ungali unaendelea, lakini mwanafunzi aliyeko darasani leo anahitaji msaada leo.

Makosa yenye sababu

Makosa mengi ya mwanafunzi hutokana na lugha anazozijua. Neno "yeye" katika Kiswahili humtaja mwanamume na mwanamke pia, na ndivyo ilivyo katika Kinyamwezi na Kisukuma. Kiingereza hulazimisha kuchagua kati ya "he" na "she". Mwanafunzi anayemwita mama yake "he" hajazembea. Anatenganisha kitu ambacho lugha zake hazikitenganishi. Vivyo hivyo, wazungumzaji wengi wa eneo hili huchanganya sauti za "l" na "r". Darasa likimcheka mwanafunzi kwa kosa hilo, kesho hatathubutu kusema.

Ugumu mwingine ni maneno yenye maana zaidi ya moja. Neno "table" analolijua ni meza, lakini katika Hisabati ni jedwali. "Root" ni mzizi wa mmea katika Biolojia, na katika Hisabati hutumika kutaja kipeuo cha pili cha namba. "Solution" ni utatuzi wa tatizo, na katika Kemia ni mmumunyo, kama maji yaliyokorogwa chumvi. Maneno ya namna hii yasipofafanuliwa, mwanafunzi husoma swali zima na kulielewa kwa maana isiyokusudiwa.

Kinachosaidia darasani

Walimu wengi, wakiona darasa halielewi, hueleza somo zima kwa Kiswahili, kisha huandika muhtasari wa Kiingereza wa kunakili. Njia hiyo humpa mwanafunzi uelewa, lakini haimpi maneno ya kujibia mtihani. Kinyume chake, kutumia Kiingereza peke yake na kumwadhibu anayesema lugha nyingine humfundisha mwanafunzi kunyamaza.

Njia ya kati ni kukitumia Kiswahili kwa mpango, kiwe daraja la kumfikisha kwenye Kiingereza. Mwalimu huchagua maneno machache muhimu ya somo, huyaandika ubaoni pamoja na maana zake, na huyatamka darasa likiitikia. Wanafunzi hujadili swali wawili wawili kwa Kiswahili, kisha hutafuta namna ya kulisema jibu kwa Kiingereza. Mwalimu huwapa mwanzo wa sentensi ili waumalizie. Vitabu vyenye sentensi fupi, picha na tafsiri ya maneno magumu vimewahi kuandaliwa kwa mtazamo huu na kujaribiwa katika shule za sekondari nchini, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan, Chuo Kikuu cha Bristol na Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mzazi asiyejua Kiingereza afanye nini?

Jambo la kwanza ni mahudhurio ya wiki za mwanzo. Katika wiki hizo wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hupewa kozi ya awali ya Kiingereza kabla ya kuzama katika masomo mengine. Wiki hizo huja wakati wa mvua, palizi ikiwa imepamba moto na kila mkono ukihitajika shambani. Mtoto anayebakizwa nyumbani kulima au kuchunga, au anayeripoti mwezi Februari kwa sababu ya kusubiri sare, huikosa kozi hiyo, na hairudiwi kwa ajili yake.

Pili, mzazi amwombe mtoto aeleze alichosoma kwa Kiswahili, au kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Mtoto anayeweza kumweleza bibi yake jinsi jani linavyotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea amelielewa somo. Kilichobaki ni kutafuta maneno ya Kiingereza. Asiyeweza kueleza kwa lugha yoyote anahitaji kurudi kwa mwalimu.

Tatu, mtoto apewe muda wa kusoma kila siku kabla ya giza kuingia, na daftari dogo la kuandikia maneno mapya. Kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili inaweza kutumiwa kwa zamu na watoto wa kaya kadhaa. Penye simu yenye intaneti, vitabu vya kiada husomwa bila malipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Nne, wazazi waulize katika vikao vya shule: kozi ya awali ilichukua wiki ngapi, ni wanafunzi wangapi waliikosa, na waliochelewa wanasaidiwaje? Maswali hayo yanaweza kufikishwa pia kwa Bodi ya Shule na kwa Afisa Elimu Kata.

Kiswahili nacho kiliwahi kuwa lugha ngeni katika eneo hili. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo walikiokota njiani, neno kwa neno, kwa kuzungumza na wenzao. Mtoto wa Kidato cha Kwanza naye atakipata Kiingereza kwa kukisema. Kwa hiyo anahitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa, na mtu wa kumsikiliza.