Neno la Mwalimu Linajenga au Linabomoa



Leo tuzungumze juu ya neno la mwalimu. Mtoto anateremka kutoka milima ya Itombwe katikati ya mwaka wa shule, hana daftari wala buletini. Mwalimu akimwita mbele ya wenzake "wewe wa kambi", au kwa jina la kabila lake, darasa zima linashika neno hilo. Saa ya mapumziko linageuka wimbo. Mtoto anaacha kuinua mkono, kisha anaacha shule. Huko barabarani, ni rahisi vikundi vyenye silaha kumpata.

Lakini mwalimu huyohuyo akisema, "Mpisheni mwenzenu, akae hapa mbele," darasa linajifunza kupokea mgeni.

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inamfungulia kila mtu shule za taifa bila ubaguzi wa mahali alikotoka. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu ya shule ifanywe kwa utu.

Mzazi, mtoto akilalamika, usiende kutukana. Zungumza na mwalimu kwanza. Ikishindikana, mwone direkta, kisha komite ya wazazi. Nanyi machifu, msingoje ugomvi wa watoto uwe ugomvi wa makabila.

Na sisi nyumbani je? Neno ambalo mwalimu amelikataza darasani, mtoto asilisikie tena kinywani mwetu.