Gari Likikosa Nguvu Mlimani, Tuulize Kwanza

Mwezi wa Agosti mwaka 2016 gari letu lilizimika kwa mara ya tatu katika kona za barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kabla hatujafika Soni. Ndani alikuwamo bibi yao watoto, ambaye alikuwa ametoka hospitali siku hiyo hiyo baada ya kupooza mkono. Jua lilikuwa limezama na baridi ya milimani imeanza kuingia. Baba watoto aliruka akaweka jiwe nyuma ya tairi, nasi tukamfunika mgonjwa kwa kanga mbili tulizokuwa nazo. Malori yalipita yakiunguruma, na kila mmoja wetu alikuwa kimya.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1986, ya kabureta. Mjini Korogwe, tunakoishi, halikuwa na taabu yoyote. Lilitupeleka kazini, sokoni na kanisani. Likipanda mlima, hupoteza nguvu polepole, hushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi, kisha huzima. Likipumzika nusu saa huwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi wetu wa wakati huo alikwisha badilisha plagi na kusafisha kabureta. Safari hii alitamka hukumu: injini imechoka, ringi za pistoni zimekwisha, ishushwe na kuvunjwa. Gharama yake ilikuwa shilingi laki tisa. Fedha hizo tulikuwa nazo, lakini zilikuwa ada ya mtoto wetu wa kwanza. Na bibi alitakiwa kurudi kliniki kupimwa shinikizo la damu kila mwezi. Ama tuvunje injini, ama bibi apande basi na mkono wake uliolegea.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa hapelekwi chumba cha upasuaji kabla hajaulizwa habari zake. Maumivu yalianza lini? Huja wakati gani? Nini huyapunguza? Tulijiuliza kwa nini gari letu lihukumiwe kupasuliwa bila mtu kuuliza hata swali moja. Kwa bahati tulikuwa na daftari. Tangu mara ya kwanza tulikuwa tukiandika tarehe, kiasi cha mafuta, jinsi lilivyozima na lilivyowaka tena. Baba watoto alitucheka, akasema tumelifungulia gari faili la wodini.

Kabla ya kueleza yaliyopatikana, hebu tuangalie kidogo injini ya petroli inavyofanya kazi, maana akina mama wengi huambiwa mambo haya ni ya wanaume. Injini huhitaji hewa, mafuta, cheche ya moto iliyokuja kwa wakati wake, na silinda zinazogandamiza vizuri bila kuvuja. Kimoja kikipungua, nguvu hupungua, na kila upungufu una dalili zake. Moshi mweusi huonyesha mafuta ni mengi kuliko hewa, pengine chujio la hewa limejaa vumbi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikiwa moto, pamoja na maji kupungua kwenye rejeta, huonyesha maji yanaingia ndani ya silinda. Gari likiwa zito siku zote, hata kwenye tambarare, mtazame pia ekzosi iliyoziba. Kama injini inapiga kelele nyingi lakini gari haliongezi mwendo, huenda klachi inateleza na injini haina kosa. Na rimu ikiwa ya moto sana upande mmoja baada ya safari, yawezekana breki inashika muda wote.

Gari linalokwenda vizuri taratibu lakini likaishiwa nguvu linapodaiwa kazi kubwa, aghalabu lina njaa ya mafuta. Likipanda mlima hunywa zaidi, na hapo ndipo kizuizi kidogo hujionyesha.

Tena ni haki kulisamehe gari kidogo. Kadiri tunavyopanda juu hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu kiasi hicho. Kwa hiyo kupanda kwa gia ya pili pale si ugonjwa. Kuzima ndio ugonjwa.

Jirani alituelekeza kwa fundi mmoja mzee ambaye alikuwa ameacha kazi ya gereji na kubaki na sanduku lake la vifaa nyumbani. Alisikiliza injini, akazunguka gari, kisha akauliza, "Mama, lilianza lini kuugua?" Tulifurahi mno kwa swali hilo hata tukampa daftari lote.

Alipima kwanza mgandamizo wa silinda. Hutolewa plagi, kikaingizwa kipimo, injini ikazungushwa kwa stata. Silinda zote nne zilisoma kati ya pauni 150 na 160 kwa inchi ya mraba, na hazikupishana sana. Alitueleza kwamba silinda ikisoma chini, fundi humimina oili kidogo ndani na kupima tena. Kipimo kikipanda, lawama ni ya ringi, na kisipopanda hutazamwa valvu au gasketi. Kazi hiyo haikuchukua hata saa moja. Basi ringi zetu zilikuwa nzima, na zile laki tisa zingekwenda bure.

Kisha akasoma daftari. Mwezi wa Mei, tangi limejaa Korogwe, limezima kabla ya Soni. Juni, nusu tangi, limechoka lakini limefika. Agosti mara mbili, tangi limejaa, limezima. Na chini ya ile siku ya bibi tulikuwa tumeandika bila kuelewa: "Baba amefungua tangi kuangalia mafuta, pakalia fyuuu, gari likawaka papo hapo."

Mzee aliweka daftari chini, akaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi. "Hiki si cha gari hili," akasema.

Kweli hakikuwa chake. Mwezi wa Aprili kile cha asili kilisahauliwa juu ya buti kwenye kituo cha mafuta, tukaondoka kikaanguka njiani. Tulinunua kingine dukani, kikakaa vizuri kabisa, tena kwa mpira mgumu. Lakini cha asili kilikuwa na njia ndogo ya kuingiza hewa, na hiki hakikuwa nayo. Kila mama aliyemlisha mtoto kwa chupa anajua jambo hili. Chuchu isipoingiza hewa, mtoto hunyonya kwa nguvu, chuchu hujikunja na maziwa hukoma, mpaka aiachie. Pampu yetu ilikuwa ikinyonya kutoka tangi lililofungwa. Na tangi likijaa, hewa iliyomo juu ya mafuta ni kidogo, hivyo mvuto huongezeka upesi, ndiyo maana siku tulizojaza ndizo tulizoaibika. Safari fupi za mjini hazikutosha kuonyesha kosa.

Kama gari la zamani la nyumbani kwako lina dalili hizi, lisimamishe mahali salama, mbali na moto wowote, fungua kifuniko na usikilize. Lakini usitoboe kifuniko kwa msumari kama tulivyoshauriwa na kijana mmoja, maana petroli humwagika na maji huingia. Nunua kinachostahili gari lako.

Tungependa kuongeza neno moja la kiuguzi. Gerejini tulimwona kijana akivuta petroli kwa mdomo na mpira. Hatari kubwa ni petroli kuingia mapafuni. Aliyeimeza, hasa mtoto, asitapishwe kamwe, kwani ikipanda tena ndipo huingia huko. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama anakohoa kidogo tu.

Mzee alitutafutia kifuniko kwa shilingi elfu nane, na kwa kazi yake akakubali kuku mmoja. Septemba tulijaza tangi Korogwe, tukapanda kumchukua bibi. Pale Soni baba watoto alitaka kusimama kulipumzisha gari, kwa mazoea. Tukamwambia aendelee. Daftarini tuliandika: "Lushoto, bila kusimama. Gia ya pili."