Nyama Choma ya Mwanza: Anzia Buchani

Mgeni akiniuliza wapi atapata nyama choma nzuri kuliko zote Mwanza, humwambia asitazame viti wala muziki. Aende kwanza pale nyama ilipotundikwa. Kirumba, Nyakato au Buzuruga, baa inayojiheshimu ina bucha yake hapohapo, nawe unachagua kipande mwenyewe. Tafuta muhuri wa mkaguzi kwenye paja.

Mimi huchukua mbavu, na nundu kidogo ikipatikana. Ng'ombe wa Usukumani ni zebu, hula majani na kutembea mbali kutafuta malisho na maji. Nyama yake ina ladha nzito, lakini ni ngumu, na mchomaji mwenye haraka huiharibu: nje imeungua, ndani mpira mtupu. Anayejua kazi husubiri mkaa ushike majivu meupe, huinyunyizia chumvi tu, kisha huiacha iive taratibu bila kuigeuzageuza ovyo. Kilo moja yenye mifupa huweza kuchukua saa nzima. Mhudumu akikuletea baada ya dakika kumi, uliza ilichomwa lini.

Ikiiva hukatwa ubaoni mbele yako, ikaja na ugali wa moto, kachumbari, ndimu na pilipili. Haihitaji sosi.

Wengine watakuelekeza ziwani ukale sato, na sato nampenda sana. Ila aliyekuja kutafuta ng'ombe asikubali kubadilishiwa. Nenda saa kumi jioni, kabla watu hawajajaa, mchomaji akiwa bado na nafasi ya kukusikiliza.